Msaada: GPS ya mkononi ya bei nafuu kwa kutembea milimani (Uluguru)

Mwl_Ramani

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa kuchagua GPS ya kushika mkononi, siyo ya kufunga kwenye gari.

Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari hapa Morogoro. Kidato cha tatu huwa nawapandisha Morningside kwa ajili ya usomaji wa ramani, na hapo sihitaji kifaa chochote, njia ni pana na mji wote unauona chini. Sasa safari hii sisi walimu tumepanga jambo kubwa zaidi. Tunataka kupanda Lukwangule, ule uwanda wa juu mlimani, kupitia Mgeta, tuanzie upande wa Tchenzema, tulale juu na kushuka kesho yake. Kibali tunaomba TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) na mwenyeji wa kutuongoza tutamchukua kijijini. Hata hivyo nataka niwe na kifaa changu mwenyewe, kwanza kwa usalama wa wenzangu, na pili nikirudi nikitumie darasani. Mtoto anayesoma namba za gridi kwenye karatasi halafu akaziona zile zile zikibadilika mkononi kila anapopiga hatua, huyo hasahau tena.

Bajeti yangu ni laki tano, ikizidi sana laki tano na nusu. Dukani nimeonyeshwa Garmin eTrex 10, ile ya njano yenye skrini isiyo na rangi. Rafiki yangu anasema nisiguse kitu kisicho na skrini ya kugusa, nitapitwa na wakati. Mwalimu mwenzangu wa fizikia anasema niache yote, simu inatosha. Ramani ya karatasi ya 1:50,000 ninayo. Nipeni mwongozo, hasa mliotembea misitu yenye ukungu.

Mnyandarua

Salamu mwalimu, nakuandikia kutoka Nyahururu. Mimi niko upande wa huyo mwalimu wa fizikia. Sisi tunapanda Ol Donyo Lesatima, huku Nyandarua, mita elfu nne, na wengi wetu tunatumia simu tu. Weka programu ya ramani, OsmAnd au Organic Maps, pakua ramani ya nchi nzima ukiwa nyumbani kwenye waifai, kisha washa hali ya ndege. Watu wengi bado wanaamini GPS ya simu inakula bando. Hailali wala haiamki na bando. Kipokezi kilicho ndani ya simu kinasikiliza setilaiti moja kwa moja, na intaneti inasaidia tu kukipatia mahali haraka zaidi pale unapowasha. Bila mtandao utasubiri kidogo, basi.

Laki tano ya kwenu nunua pawabenki nzuri na koti la mvua la maana, na chenji ibaki ya nauli.

Kigingi

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi, na kama sijakuamkia ipasavyo unisamehe.

Nimefanya kazi ya kubeba vifaa na kuchukua vipimo vya miti pamoja na watafiti wa misitu, Uluguru na Udzungwa, kwa miaka mingi. Kazi yetu ilikuwa kwenda kwenye pointi iliyopangwa ofisini, katikati ya msitu usio na njia, tupige kigingi, tupime, twende pointi inayofuata. Kwa hiyo nitakujibu kwa kifaa kilivyo mkononi, tena mkono wenyewe umelowa, una tope, na unatetemeka kwa baridi.

Ndugu yetu wa Nyahururu amesema kweli kuhusu bando, na ramani ya simu ni nzuri kuliko ya kifaa chochote utakachopata kwa bajeti hiyo. Chukua simu, weka hiyo Organic Maps. Ila isiwe ndiyo tegemeo lako Lukwangule, na nitakwambia kwa nini. Ukungu wa kule juu hauna hodi. Unaweza kuwa kwenye majani ya uwanda unaona mpaka ukingo wa msitu, ukainama kufunga kamba ya kiatu, ukiinuka humuoni mtu wa nne kwenye msafara. Pamoja na ukungu kuna manyunyu. Skrini ya kugusa ikipata manyunyu inajibonyeza yenyewe: ramani inakimbia, inakuza, inafungua vitu ambavyo hukuviita. Unafuta kwa shati, shati nalo limelowa. Na hapo ndipo unapoihitaji zaidi. Vitufe havina tabia hiyo. eTrex unaibonyeza na glavu, unaibonyeza macho yakiwa njiani, kidole gumba kinajua chenyewe kitufe cha kurudi kiko wapi.

Kwa hiyo rafiki yako wa skrini ya kugusa mwambie asante.

La pili ni betri. Nunua kifaa kinachotumia betri mbili za AA zinazouzwa kila duka, usinunue chenye betri iliyofungiwa ndani. eTrex 10, 20x, 22x zote zinakaa kama saa 25 kwa jozi moja, kwa maelezo ya watengenezaji. Tegemea pungufu ukiwasha taa ya skrini mara kwa mara. Ukiishiwa, unafungua mfuniko wa nyuma, unaweka jozi nyingine, dakika haiishi. Simu ikizima, pawabenki nayo ikiwa imelowa, umebaki na kioo. Nenda kwenye mipangilio ukakiambie kifaa ni betri ya aina gani umeweka, alkalaini, ya kuchaji au lithiamu, maana kile kipimo cha chaji kinadanganya kikidhani ni aina nyingine.

Sasa ipi? eTrex 10 ni ngumu na haina longolongo, lakini huwezi kuiwekea ramani. Utaona mstari wa ulikopita na pointi ulizoweka, kila kitu kingine ni uwanja mtupu. Kwa mtu mwenye ramani ya karatasi anayejua kusoma gridi, na wewe ndiyo kazi yako, inatosha kabisa kumrudisha nyumbani. Ila kwa bajeti yako ningetafuta 20x au 22x iliyotumika. Zina rangi, zina nafasi ya kadi ndogo ya kumbukumbu, na unaweza kuzipakia ramani za bure zilizotengenezwa kutokana na OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, zenye mistari ya kontua inayoonyesha mwinuko. Hiyo 22x ilitoka mwaka 2019, na bei yake Marekani wakati huo ilikuwa dola 200. Kubwa yake 32x ilikuwa dola 300, na kinachoiongezea ni dira ya umeme na kipimo cha mwinuko kinachotumia mgandamizo wa hewa. Usilipie tofauti hiyo. Dira ya kawaida ya sumaku unayofundishia darasani haihitaji betri.

Jambo moja kuhusu dira, lijue kabla hujapanda: 10, 20x na 22x hazijui umeelekea wapi ukiwa umesimama. Mshale unaonyesha sawasawa ukitembea tu, kwa sababu kifaa kinakokotoa mwelekeo kutokana na hatua zako. Mtu akisimama akaanza kujizungusha huku ameshika eTrex anasubiri mshale umwambie, atapotea huku anaangalia kifaa kizima. Tembea hatua ishirini, thelathini, mbele wazi, ndipo uamini.

Na kuhusu mahali pa kukibeba: juu ya mkanda wa begi, begani, kikitazama mbingu. Siyo mfuko wa suruali. Mwili wako ni maji, unazuia mawimbi, na chini ya miti mikubwa ya Uluguru mawimbi yenyewe tayari yamechoka. Uwandani utapata usahihi wa mita tatu hadi tano. Ndani ya msitu mnene, au kwenye korongo lenye kuta mbili, hesabu kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi, na ule mstari wa njia utaonekana unayumba wakati wewe ulinyooka. Hilo ni la kawaida, usiite fundi.

Binti_wa_Usa

Habari zenu. Mimi ni muongozaji wa watalii huku Arusha, Mlima Meru ndiyo ofisi yangu. Nakubaliana na kaka Kigingi karibu yote, ila naongeza la baridi.

Sisi tunatoka Saddle Hut, mita 3,570, usiku wa manane kwenda kileleni. Wageni wanatoka na simu zimejaa chaji, wakifika juu ya Rhino Point zimezima, hasa za zamani. Siyo kwamba chaji imekwisha, baridi imeibana. Iweke simu kifuani ndani ya nguo, karibu na ngozi, itarudi. Betri za alkalaini nazo zinalegea kwenye baridi. Za lithiamu zile zisizochajiwa zinavumilia, na ni nyepesi, ila bei yake mwalimu utaguna. Lukwangule haina baridi ya Meru, lakini mnalala juu, kwa hiyo betri za akiba zilale ndani ya begi la kulalia.

Kwa upande wa kifaa, angalieni pia eTrex SE, ilitoka 2023 kwa dola 150. Skrini yake haina rangi na haipokei ramani, ila inasikiliza setilaiti za mifumo yote mikubwa, ya Marekani, Urusi, Ulaya na China, na watengenezaji wanasema jozi moja ya AA inakwenda saa 168. Hiyo ni wiki nzima bila kuzima. Inaunganishwa na simu, kwa hiyo ramani unaiangalia kwenye simu ikiwa kavu, na kifaa kinaendelea kurekodi njia begani. Kwangu mimi ninayefanya kazi siku nne mfululizo, hiyo ndiyo inanifaa. Na ni mpya, ina waranti, hujui kilichotumika kimepitia mikono ya nani.

Mwl_Ramani

Asanteni sana, Mungu awabariki. Dada wa Arusha na kaka Kigingi mmenifungua macho, na wa Nyahururu koti la mvua nalichukua.

Jana nimeazima eTrex 20x ya mtu wa misitu nikaifanyia jaribio, na limenitokea jambo linalonisumbua. Nilienda mahali barabara inapokatiza reli, pointi ambayo kwenye karatasi yangu ya 1:50,000 inaonekana bila ubishi. Nikakiacha kifaa wazi dakika kama kumi, kikaniandikia usahihi wa mita 3. Nikabadilisha namba ziwe za UTM, yaani gridi ya mita kama ya kwenye karatasi, nikazichora kwenye ramani kwa penseli iliyochongwa. Nukta haikuangukia kwenye makutano. Nimepima kwa rula: iko milimita 6 kusini, na karibu 2 mashariki. Nikarudia mahali pengine, tofauti ile ile, upande ule ule. Milimita 6 kwenye kipimo hicho ni mita 300! Kwa mlima wenye makorongo kama Uluguru hiyo ni korongo jingine kabisa. Je, kifaa ni kibovu? Na hiyo herufi M baada ya 37 ni ya nini? Nilitegemea S ya kusini.

Kigingi

Mwalimu, nimefurahi mno kusoma hiki ulichoandika. Wapo watu wenye vifaa vya mamilioni ambao hawajawahi kuchukua rula wakapima tofauti. Kifaa ni kizima, na ramani yako ni nzima. Havijapatana tu ardhi ianzie wapi.

Ramani zetu za 1:50,000, za Tanzania, Kenya na Uganda, zimechorwa kwa msingi wa upimaji unaoitwa Arc 1960. Kifaa kikitoka kiwandani kinatumia WGS 84, ambao ndio msingi wa GPS yenyewe. Kila mmoja una umbo lake la dunia na kitovu chake. Kwa hapa kwetu, namba za WGS 84 ukizichora kwenye karatasi ya Arc 1960 zinaanguka kusini kwa takriban mita 300 na mashariki kwa takriban 90. Angalia rula yako: 6 na karibu 2. Umepima vizuri kuliko unavyodhani.

Dawa yake iko ndani ya kifaa. Ingia "Setup", kisha "Position Format". Hapo weka "UTM UPS", na chini yake kwenye "Map Datum" shuka mpaka uione Arc 1960. Ule mstari wa tatu wa umbo la dunia utajibadilisha wenyewe kuwa Clarke 1880, usiuguse. Rudi kwenye reli, nukta itakaa kwenye makutano. Na kwa sababu hiyo, kifaa chochote utakachotaka kununua, kipya au kilichotumika, kabla ya kutoa hela ingia kwenye mipangilio ukakione hicho Arc 1960 kwa macho yako. Kwa mtu wa karatasi hilo ni kubwa kuliko rangi ya skrini.

Tahadhari moja hapo. Mkiwa milimani mkapeana namba, mtaje na msingi wake. Mwenzako akikusomea za kwenye simu, hizo ni WGS 84. Ukiziingiza kwenye kifaa kilichowekwa Arc 1960 bila kubadilisha, umempeleka mtu mita 300 pembeni, na kwenye ukungu mita 300 ni mbali sana. Sisi kazini tulikuwa tunaandika msingi juu ya kila ukurasa wa daftari, kabla ya tarehe.

Herufi M siyo mita wala siyo kosa. Dunia imegawanywa kanda 60 za longitudo, Morogoro ipo kanda ya 37, na kila kanda imekatwa vipande vya latitudo vyenye herufi. M ni kipande cha kutoka ikweta hadi latitudo 8 kusini. Ukivuka 8 kwenda Iringa ya kusini huko utaona L. Wanafunzi wako watalipenda hilo.

Halafu zima WAAS kwenye mipangilio ya setilaiti. Ile ni huduma ya masahihisho ya Marekani ya Kaskazini, ya Ulaya inaitwa EGNOS, na zote hazikusudiwi kwetu. Ukiiacha wazi inakula betri inatafuta kisichokuwepo. GLONASS, yaani setilaiti za Urusi, iache imewashwa, ndani ya msitu inasaidia kweli.

Mwl_Ramani

Nimebadilisha, nimerudi relini, nukta imekaa juu ya makutano kabisa. Nimesimama pale nikicheka peke yangu mpaka mpita njia akanisalimia mara mbili.

Sasa nimepata 22x iliyotumika, muuzaji anataka laki tatu na themanini, tunakutana Jumamosi. Nikague nini? Na dada, SE nimeipenda kwa betri, ila roho inataka kuona kontua.

Binti_wa_Usa

Fuata roho mwalimu, kontua ni kontua. Ila betri za akiba jozi mbili, usinibishie.

Kigingi

Nenda na betri zako mpya, usikubali za muuzaji. Kwanza fungua mfuniko wa nyuma utazame zile chemchemi na vibati vya betri. Ukiona unga wa kijani au mweupe, betri zilivujia ndani, acha hata akikupunguzia. Tazama na raba ya pembeni inayozunguka mwili. Kwenye familia hii ya eTrex raba ikizeeka huachia na kuvimba, na hiyo unaweza kupunguziwa bei, ila kifuniko kidogo cha raba kinachoziba tundu la waya lazima kiwepo na kikae sawasawa. Kifaa kinavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa kikiwa kizima. Kikiwa na ufa, maji ya Mgeta yataingia siku ya kwanza.

Bonyeza kile kijiti cha kidole gumba pande zote nne na katikati, mara nyingi. Kikisita upande mmoja, ndio huo utakaouhitaji. Tokeni nje, uwanjani, siyo barazani chini ya bati. Kikiwa kilizimwa muda mrefu kinaweza kuchukua dakika kadhaa kupata mahali, msubiri naye mpige soga. Kisha fungua ukurasa wa setilaiti, uone nguzo zimejaa na usahihi umeshuka chini ya mita tano. Angalia na tarehe. Hesabu ya wiki za GPS ilijirudia sifuri tarehe 6 Aprili 2019, na vifaa vya zamani vingi vinaonyesha tarehe ya miaka karibu ishirini nyuma ingawa mahali vinasoma vizuri. Ukiona hivyo kwenye kitu unachoambiwa ni 22x, kuna kitu hakiko sawa, ondoka. Weka Arc 1960 mbele yake, chomeka waya wako kwenye kompyuta uone kinafunguka kama flashi. Hapo laki tatu na themanini siyo mbaya, anzia laki tatu na nusu.

Ukishakipata, pakua ramani ya Tanzania ya OpenTopoMap ya Garmin, faili iweke kwenye kadi ndani ya folda iitwayo Garmin. Usiitegemee ikuonyeshe kila njia ya mguu, maana njia za Uluguru zilizomo ni zile tu ambazo kuna mtu alizitembea akazichora. Kontua ndizo utakazozifurahia. Na njia yenu ya Tchenzema mkiirekodi vizuri, mwombe mwenyeji wenu ruhusa, muulizeni na TFS, kisha muiongeze kwenye OpenStreetMap ili atakayekuja baadaye aikute.

Siku ya kupanda, weka pointi ya kwanza mlipoacha gari, ya pili kijijini kwa mwenyeji, na nyingine kila njia inapogawanyika, hasa pale msitu unapoisha na uwanda kuanza. Mahali pale mkishuka panafanana pote. Futa rekodi ya zamani kabla hamjaanza ili mstari uwe wa siku hiyo tu. Na wenzako wawili angalau wafundishe kukisoma kabla ya safari, pale pale shuleni, wazunguke uwanja warudi kwenye pointi. Kifaa kinachojulikana na mtu mmoja hakina faida akianguka huyo mmoja.

Mnyandarua

Kigingi, hayo ya Arc 1960 nimeyajaribu leo kwenye karatasi yangu ya Kipipiri. Mita 300 kusini, vile vile. Kwa hivyo na mimi natafuta 22x. Mwalimu, huyo muuzaji wako akiwa na ya pili unijulishe.